Bei ya Mzigo wa Kuni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake kupata moto kutokana na mti wa kijani, wakauwasha na wakapika riziki zao. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w., na ali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya bei ya kuni. Huenda mwengine akasema: Sheikh amekosa la kuandika? Vitabu vyajaa habari za wafalme na vita, naye atuletea tita la kuni! Lakini mimi nasema kwamba haki ya dola hujulikana katika mambo makubwa, na haki ya watu hujulikana katika mambo madogo. Anayetaka kujua kama mji una imani na asimame pale muuza kuni anapotua mzigo wake, asikilize yanayosemwa.

Nami nina sababu yangu ya kuliandika jambo hili. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, nilipokuwa kijana wa chuoni hapa Lamu, mama yangu alinipa shilingi mbili ninunue kuni. Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Alikuja bibi mmoja kutoka upande wa mashamba, tita la kuni kichwani, akalitua chini ya ukuta baada ya sala ya alasiri. Nikamuuliza bei, akaniambia shilingi moja na senti 50. Bei hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya tita kama lile, nami nilijua. Nikatoa sumni, senti 50. Akakataa. Sikuondoka. Nikakaa kibarazani nikimtazama, maana nilijua mambo mawili: kwamba hawezi kulirudisha tita lile shambani kichwani mwake, na kwamba lazima afike kwao kabla ya giza. Wanunuzi wengine hawakupita. Jua lilipokaribia kuzama akaniita, akapokea sumni yangu bila ya kusema neno, akaenda zake.

Nikarudi nyumbani najisifu. Mama alilitazama tita, akazitazama pesa nilizomrudishia, akaniuliza, "Mwanangu, amekuuzia au umempokonya?" Nikasema ameridhia mwenyewe. Akanipa shilingi nzima, akaniambia, "Kimbia ukampe. Hii si yetu." Nikakimbia mpaka mwisho wa mji, sikumwona. Siku zilizofuata nikamngojea pale pale ukutani, hakuja tena. Mama akaifunga ile shilingi katika pembe ya leso yake, ikakaa humo miezi mingi, mpaka akakata tamaa akaitoa sadaka kwa niaba ya mwenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa najiuliza: je, biashara ile ilikuwa halali? Muuzaji alikuwako, mnunuzi alikuwako, bei ilitajwa na ikapokewa. Basi mama yangu, ambaye hakusoma ila Qur'ani na vitabu vidogo vya dini, aliona nini ambacho mimi mwanachuoni sikukiona? Na tuwarejee waliotutangulia tuone walivyolitazama jambo hili la bei.

Kuni katika mji wa Mtume s.a.w.

Kazi ya kuni si kazi duni katika dini yetu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Zubayr bin al-Awwam r.a. kwamba Mtume s.a.w. alifundisha kuwa ni bora mtu achukue kamba yake, alete tita la kuni mgongoni mwake aliuze, Mwenyezi Mungu amhifadhie heshima yake kwa kazi hiyo, kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Tazama kazi aliyoichagua kwa mfano. Hakutaja msafara wa Shamu wala duka la hariri. Alitaja kamba na mgongo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi isiyohitaji rasilmali, na mlango wake haufungwi mbele ya maskini yeyote.

Tena wamepokea Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik r.a., ingawa maulamaa wana maneno katika isnadi yake, kisa cha mtu mmoja katika Ansari aliyekuja kuomba. Mtume s.a.w. alimuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akasema ana nguo moja nzito, sehemu wanajifunika na sehemu wanaitandika, na bakuli la kunywea maji. Akaamriwa avilete. Mtume s.a.w. akavishika kwa mkono wake akauliza nani atavinunua. Mmoja akasema dirham 1. Akauliza tena, mara mbili au tatu, nani atazidisha, mpaka mwengine akatoa dirham 2. Dirham moja ikanunua chakula cha watu wa nyumbani, na ya pili ikanunua shoka. Mtume s.a.w. akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia yule bwana aende akakate kuni auze, wala asimwone kwa siku 15. Alirudi amepata dirham 10, amenunua nguo na chakula.

Watu wengi wakikisimulia kisa hiki husimama penye shoka. Mimi naomba tusimame kidogo penye ule mnada. Muuzaji alikuwa maskini aliyebanwa na shida, vitu vyake ni duni, na bei ya kwanza ilikwisha tajwa. Mtume s.a.w. angeweza kuipokea. Lakini hakukubali shida ya yule mtu ndiyo iwe bei ya mali yake. Aliuliza na akauliza mpaka bei ikapanda. Basi mimi pale ukutani nilifanya kinyume chake kabisa: nilingoja mpaka bei ishuke.

Kukataa kupanga bei

Je, Mtume s.a.w. alimwambia yule mkata kuni auze tita kwa kiasi gani? Hakumwambia. Na hili linakubaliana na mafundisho yake mengine. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas r.a. kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwendea Mtume s.a.w. wakamtaka awapangie. Akawajibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei, mwenye kuzuia na kukunjua, mwenye kuruzuku. Na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hapana mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali.

Maana yake nini? Bei inaweza kupanda kwa sababu mvua haikunyesha au msafara haukufika. Hapo hapana mdhalimu. Ukimlazimisha muuzaji auze kwa hasara, umemtoa mtu mmoja katika shida ukamtia mwengine, na huyo wa pili hana kosa.

Lakini asidhani mtu kwamba kwa kukataa kupanga bei Mtume s.a.w. aliliacha soko kama pori. Alifunga milango ambayo dhulma hupitia. Alikataza ihtikari, yaani kuficha bidhaa mpaka watu wapate taabu. Alikataza mtu kuzidisha bei ya uwongo asiyekusudia kununua. Alikataza mtu wa mjini kumshika mgeni wa shamba na kumuuzia bidhaa zake, ili watu waachwe wapate riziki wao kwa wao. Na alikataza watu kuwatokea wachukuzi njiani wakanunua mizigo yao kabla hawajafika sokoni. Na aliyenunuliwa hivyo akapewa hiari, akifika sokoni akaiona bei, avunje mauzo akitaka. Hikima yake ni wazi: mgeni hajui bei ya mji, na kutojua kwake kusigeuzwe mtego.

Na siku moja sokoni aliingiza mkono katika chungu la nafaka, akakuta ndani mna maji. Akamkemea mwenyewe kwa kuficha unyevu chini, badala ya kuuweka juu watu wauone. Enyi wauza kuni, mnaifahamu habari hii vyema zaidi kuliko mimi! Nafaka ina pishi na kibaba chake, nyama ina mizani, lakini tita la kuni hupimwa kwa jicho. Jicho hudanganyika: kuni kavu nje na mbichi ndani, magogo makubwa pembeni na uwazi katikati, kamba iliyolegezwa tita lionekane nene. Mama wa nyumba atajua usiku, moshi utakapomjaa machoni na maji hayajachemka. Ndipo ikasemwa kwamba dhulma ina njia mbili: iko inayotoka kwa muuzaji na iko inayotoka kwa mnunuzi.

Khitilafu ya wanazuoni

Baada ya Mtume s.a.w. masahaba na maulamaa walilichunguza jambo hili. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar r.a. alipita kwa Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu sokoni kwa bei iliyokhitilafiana na ya wenzake, akamwambia aongeze bei au aondoke sokoni. Na Imam Shafi'i akataja ziyada katika habari hii: kwamba Sayyidna Umar alirudi akajihesabu nafsi yake, kisha akamwendea Hatib nyumbani, akamwambia kuwa lile halikuwa amri bali alitaka kheri kwa watu wa mji, na auze atakavyo. Tazameni ucha Mungu huo! Khalifa anayetetemekewa na wafalme anabisha hodi kwa muuza zabibu, amrudishie hiari yake.

Kwa hiyo Mashafi'i, na sisi watu wa pwani tu katika wao, kauli yao yenye nguvu ni kwamba mtawala hana haki ya kuwapangia watu bei. Mwandishi al-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 6 ya Hijra kitabu mashuhuri cha kumwongoza muhtasib, yaani msimamizi wa soko, alishika msimamo huo huo. Na ajabu ni kwamba yeye aliyekataa kupanga bei ya kuni hakuacha kumtazama mwenye kuni. Alieleza kwamba mizigo ya kuni isipitishwe katika masoko ya watu ikawararua nguo zao. Na kwamba wanaoleta kuni na majani makavu wakisimama uwanjani, waamriwe kuwatua wanyama mizigo, kwa sababu mnyama akisimama na mzigo huumia, na Mtume s.a.w. amekataza kuwatesa wanyama. Sisi wa Lamu ambao punda ndio gari zetu, tungefaa kuisoma kauli hiyo kila asubuhi tunapopita gatini.

Wako waliotazama upande wa pili. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, sawa na 1328, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751, sawa na 1350, walisema kwamba kupanga bei kuna aina mbili. Iko ya dhulma, nayo ni kuwalazimisha watu wauze kwa bei wasiyoiridhia bila ya haki, hali wao wanauza kwa njia ya kawaida na bei imepanda kwa uchache wa bidhaa. Na iko ya uadilifu, nayo ni pale wauzaji wanapokula njama, au wanapozuia kitu ambacho watu wanakihitaji, na hawataki kukiuza ila kwa bei ya kupindukia. Hapo watalazimishwa wauze kwa thamani ya mfano, yaani bei ambayo kitu kama kile huuzwa, wakati kama ule na mahali kama pale, bila ya hila wala shida.

Dola ya Uthmania, iliyofuata madhehebu ya Hanafi, iliichukua njia ya kupanga bei kwa maslaha ya mji. Waliiita narh. Kadhi ndiye aliyesimamia, naye alikaa na wakuu wa wafanya biashara wakaangalia gharama na faida, kisha bei zikaandikwa daftarini. Liko daftari mashuhuri la Istanbul la mwaka 1640 lililojaa bei za bidhaa na kazi za mikono. Na kuni katika mji ule wa baridi hazikuwa za kupikia tu. Zilikuwa uhai wa watu. Zililetwa kwa vyombo vya bahari, zikauzwa kwa kipimo chao kiitwacho çeki, si kwa jicho. Hii nayo ni hikima: kabla hujazungumza bei, zungumza kipimo.

Yaliyotupata sisi

Hapa kwetu pwani miti imekuwa mali tangu kale. Majahazi ya Bara Arabu na ya Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko, kwa kuwa nchi zile hazina miti ya kuezekea. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Kwa hiyo kila dari na kila ukuta wa miji hii umepita juu ya bega la mkata miti.

Na habari ya kupanga bei tumeiona kwa macho yetu. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya bei mwaka 1973, ikaundwa tume ya bei ya taifa. Nia ilikuwa njema, kumlinda mnyonge. Lakini bidhaa zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei iliyoandikwa ilibaki karatasini, na sukari na sabuni zikauzwa kwa mlango wa nyuma, hata mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Hii ndiyo hatari aliyoiogopa aliyekataza: bei ya amri haileti bidhaa isiyokuwako.

Na kinyume chake pia tumekiona. Mwaka 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma ili kuokoa vyanzo vya maji, na gunia la makaa likapanda bei. Kupanda huko kulikuwa na sababu. Lakini anayetumia sababu ya kweli akaongeza juu yake uwongo wake, akaficha magunia aliyoyanunua zamani kwa bei ya chini, huyo ameingia katika ihtikari.

Basi bei ya haki ni ipi?

Sasa narudi kwa yule bibi. Nikiipima biashara yangu kwa mizani hii, naona hakunidanganya wala mimi sikumdanganya. Bei ya mji aliijua. Mtawala hakutulazimisha. Lakini ile thamani ya mfano ilikuwa shilingi moja na nusu, nami niliijua, na kilichoishusha mpaka sumni hakikuwa wingi wa kuni wala ubaya wake. Kiliishushwa na giza na umbali wa njia. Mimi sikununua kuni kwa senti 50. Nilinunua kuni kwa senti 50 na hofu ya mwanamke mzee.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Sayyidna Ali r.a. makatazo juu ya biashara ya mudhtari, mtu aliyebanwa na dharura. Isnadi yake ina udhaifu, na mafakihi wengi husema mauzo kama hayo yanasihi katika hukumu ya nje. Lakini kusihi kwa mkataba ni kitu kimoja, na kusalimika mbele ya Mola ni kitu kingine. Kadhi angeninusuru. Mama yangu hakuninusuru, na naona yeye ndiye aliyenitakia kheri.

Tena msiseme kwamba hakuna mnunuzi anayeongeza bei kwa hiari yake. Imam Nawawi ametaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kisa cha Jarir bin Abdillah r.a. Alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona farasi, akamwambia mwenyewe kwamba farasi wako ni bora kuliko hivyo, wamuuza kwa 400? Kisha 500, akaendelea kuzidisha mia kwa mia mpaka akamlipa dirham 800. Alipoulizwa, akasema alimpa Mtume s.a.w. ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Yeye alielewa kwamba ahadi ile haikukatika alipoingia sokoni.

Ndugu zangu, leo majumba mengi yana mitungi ya gesi. Lakini harusi ikija, sufuria la pilau hurudi juu ya mafiga, na maskini wa kamba na mgongo bado wako. Basi ewe muuzaji, onyesha kuni mbichi kuwa ni mbichi, na ufunge tita lako kama utakavyopenda ufungiwe. Ewe mnunuzi, teta bei, kwani kuteta si haramu. Lakini ukiiona bei inashuka, jiulize imeshushwa na nini. Ikishushwa na wingi wa mali, chukua na umshukuru Mungu. Ikishushwa na njaa ya mwenzio, au jua linalozama, au mtoto mgonjwa aliyemwacha nyumbani, hiyo si bei. Lipa thamani ya mfano. Wala usimngojeshe malipo yake, jasho lake lisije likakauka.

Nanyi akina mama, mnapomtuma mtoto dukani, msimsifu kwa kuleta chenji nyingi kabla ya kumuuliza imepatikana vipi. Mimi niliulizwa mara moja tu, nikatosheka mpaka leo.

Mwenyezi Mungu amrehemu yule bibi, ambaye jina lake sikulijua, na amlipe kutoka hazina zake kile nilichompunguzia. Awarehemu wazee wetu waliotufundisha, na atujaalie tukutane naye hapana mtu anayetudai. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.